Wiki za Masikio, Pua na Koo: Jifunze Kuona Kabla ya Kukata

Mwanafunzi wa udaktari akipangiwa idara ya masikio, pua na koo hukaa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya muda huo huishia thieta, nyuma ya bega la daktari bingwa. Ananyoosha shingo kutazama upasuaji unaofanyika ndani ya tundu jembamba kuliko kidole, na haoni kitu. Anatoka na daftari lenye majina ya operesheni, lakini mwaka unaofuata, akiwa inteni usiku wa zamu, analetewa mtoto mwenye punje ya hindi sikioni au mzee anayevuja damu puani tangu magharibi, na hajui aanzie wapi.

Maoni yangu ni kwamba wiki hizo zigawanywe upya. Thieta iwe sehemu ndogo. Sehemu kubwa iwe kliniki, taa kichwani, na meza ya mazoezi yenye viungo vya mbuzi. Fani hii yote hufanyika ndani ya mashimo yenye giza, kwa hiyo asiyejua kupeleka mwanga anapotaka kutazama hawezi kufanya lolote salama, hata awe na mikono myepesi kiasi gani.

Anza na taa ya kichwani. Ivae kabla mgonjwa hajaketi, nyoosha kiganja umbali wa sentimita 30 hivi mbele ya uso wako, kisha rekebisha taa mpaka duara la mwanga liangukie katikati ya pale macho yote mawili yanapotazama. Kaza mkanda, usiguse tena. Kama kituo chenu kinatumia kioo cha kichwani na balbu, balbu ikae nyuma ya bega la mgonjwa, na kioo kiwe mbele ya jicho lako ili uchungulie kwenye tundu lake. Fokasi yake ni sentimita 20 hadi 25, na ukisogea mbali zaidi ya hapo mwanga unatawanyika. Keti uso kwa uso na mgonjwa, magoti yako yote mawili upande mmoja wa magoti yake. Ukishapata mwanga, kigeuze kichwa cha mgonjwa, chako kibaki palepale. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: wanapinda mgongo, taa inahama, na baada ya wagonjwa kumi shingo inauma na bado hawajaona kitu.

Sasa sikio. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa karibu sentimita 2.5. Theluthi ya nje ni gegedu, na theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa ngozi nyembamba sana. Ukiigusa ngozi hiyo kwa ncha ya otoskopu, kifaa chenye taa cha kuchungulia sikioni, mgonjwa ataruka, na kuanzia hapo hakuamini tena. Chagua ncha pana kuliko zote zinazoingia bila kubana, kwa kuwa ncha nyembamba huingia ndani mno na kuonyesha kidogo. Mtu mzima mvute sikio juu na nyuma. Mtoto mchanga mvute chini na nyuma. Shika otoskopu kama kalamu, kidole cha mwisho kikiegemea shavu la mgonjwa, ili akitikisa kichwa mkono wako uende naye.

Ukifika kwenye kiwambo cha sikio, fuata mpangilio uleule kila mara. Tafuta mpini wa nyundo, kifupa kilichoshikamana na kiwambo, shuka nao mpaka kitovu cha kiwambo, kisha tazama koni ya mwanga: kwenye sikio la kulia huwa upande wa saa 5, la kushoto saa 7. Zunguka ukingo wote. Mwisho panda juu, kwenye sehemu ndogo iliyolegea juu ya nyundo. Hapo ndipo wanafunzi hawaangalii, na hapo ndipo kolesteatoma, uvimbe wa ngozi unaokula mfupa, hujificha. Ukiona ukoko juu pale kwa mgonjwa ambaye sikio lake linatoa majimaji yenye harufu mbaya, usiseme ni nta. Ukoko huo usafishwe chini ya hadubini, kwa sababu nyuma yake panaweza kuwa na mfupa ulioliwa.

Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki 2 utaliona kila siku, na matibabu yake ya mwanzo ni kazi ya mikono kabla ya dawa. Sokota kitambaa safi au karatasi laini kuwa utambi, ingiza, acha ufyonze, toa, weka mwingine, mpaka utoke mkavu. Ndipo matone ya ciprofloxacin yadondoshwe. Matone yakiwekwa juu ya usaha huelea na kumwagika nje, mama anarudi baada ya wiki akisema dawa haifanyi kazi, na anapewa dawa ya kumeza isiyohitajika. Mfundishe mama kusokota utambi huo mbele yako, naye aufanye mwenyewe kabla hajaondoka, mara 3 au zaidi kwa siku. Matone ya gentamicin kwenye kiwambo kilichotoboka yaepukwe, kwani yanaweza kuua usikivu wa sikio la ndani.

Uma wa sauti wa kupimia usikivu uwe wa hezi 512. Ule wa 128 mgonjwa huuhisi kama mtetemo badala ya kuusikia. Ugonge kwenye kiwiko au goti lako, kamwe si mezani. Kumbuka mtego mmoja wa kipimo cha Rinne, kinacholinganisha sauti ya hewani na ya mfupani nyuma ya sikio: sikio lililokufa kabisa linaweza kuonekana lina shida ya kupitisha sauti tu, kwa sababu sauti ya mfupani inavuka kichwa na kusikiwa na sikio zima la upande wa pili. Kipimo cha Weber, uma ukiwekwa katikati ya paji la uso, kitakuumbulia uongo huo, kwani sauti itaelekea kwenye sikio zima.

Vitu vilivyoingia masikioni na puani vinahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo madhara mengi hutokea kwa mikono ya watu wenye nia njema. Jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi kubwa kuliko yote kufaulu. Mtoto akishaumizwa mara moja hatatulia tena, njia inavimba, damu inaziba, na kilichokuwa kazi ya dakika 1 kinakuwa kazi ya dawa ya usingizi. Kwa hiyo kabla ya kugusa, hakikisha una mwanga, una kifaa sahihi na mtoto ameshikwa. Akae mapajani kwa mama, miguu yake ibanwe kati ya magoti ya mama, mkono mmoja wa mama uikumbatie mikono yake yote miwili, mwingine ushike kipaji cha uso na kuegemeza kichwa kifuani.

Kitu cha duara kama shanga au punje usikiendee na kibano. Meno ya kibano yatateleza na kukisukuma ndani, kipite penye njia nyembamba, kikalale juu ya kiwambo. Tumia kulabu butu: ipitishe juu ya kitu, ifike nyuma yake, igeuze, kisha vuta. Kibano ni cha vitu vyenye ukingo, kama karatasi, pamba au kipande cha sponji. Mdudu aliye hai auawe kwanza kwa mafuta ya kula au lidocaine, atolewe baadaye. Maharage, mahindi na mbegu nyingine usizipigie maji, zitafura. Unapopiga maji kwa ajili ya nta, yawe ya nyuzi 37, kwa kuwa maji ya baridi au ya moto humletea mgonjwa kizunguzungu na kutapika palepale kitini. Mkondo uelekezwe kwenye ukuta wa juu na nyuma, usipige kiwambo moja kwa moja, na kama kuna historia ya kutoboka, acha.

Puani kwa mtoto mdogo jaribu kwanza pumzi ya mama. Mama anaziba tundu lililo wazi, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto kama anayembusu, kisha anapuliza pumzi moja fupi yenye nguvu. Shanga laini mara nyingi hutoka yenyewe.

Betri ya kitufe ni dharura, haisubiri asubuhi. Umeme wake huzalisha alkali inayounguza tishu. Kwenye umio jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa 2, na puani ukuta wa kati unaweza kutoboka. Kwenye picha ya eksirei betri huonyesha duara ndani ya duara, ilhali sarafu huonyesha duara moja. Mtoto wa zaidi ya mwaka 1 aliyeimeza ndani ya saa 12 zilizopita, na anayeweza kumeza, apewe asali mililita 10 kila dakika 10 wakati anapelekwa hospitali, isizidi mara 6, na safari isicheleweshwe kwa ajili ya asali. Kwenye sikio na pua usiweke tone la kitu chochote, kwa sababu umajimaji huongeza uunguzaji.

Damu ya puani. Mkalishe mgonjwa, aegemee mbele, afungue mdomo na ateme damu kwenye bakuli. Abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 kwa kutazama saa, bila kuachia kuchungulia. Nimeona hata wahudumu wenye uzoefu wakimlaza mgonjwa chali na kubana mfupa. Kubana mfupa hakuzuii chochote, na kumlaza kunapeleka damu tumboni, ambako itarudi kama matapishi meusi na kuwatisha wote chumbani. Vaa miwani na aproni. Fyonza mabonge, weka pamba yenye lidocaine na adrenalini, subiri dakika 10, kisha tazama sehemu ya mbele ya ukuta wa kati, eneo la Little, ambako mishipa kadhaa hukutana na ambako damu nyingi hutokea.

Ukikiona chanzo, kijiti cha nitrati ya fedha kianzie pembeni kuzunguka mshipa, kimalizie katikati, kwa sekunde chache kila mahali. Ukianza katikati, damu itabubujika na kuiyeyusha dawa. Usiunguze pande zote mbili mahali palepale siku moja. Gegedu hupata lishe kutoka kwenye utando wa pande hizo, na ukiua zote mbili utaacha tundu la kudumu.

Usipokiona chanzo, ziba. Hapa liweke kichwani jambo moja la anatomia: sakafu ya pua inakwenda nyuma mlalo, sambamba na kaakaa. Haipandi juu kufuata umbo la pua la nje. Sponji ya kuziba isukumwe kuelekea usawa wa sikio, moja kwa moja, kwa mwendo mmoja. Ukitumia gozi ndefu ya upana wa sentimita 1.25 iliyopakwa mafuta ya parafini, karibu mita 1 huingia upande mmoja wa mtu mzima. Ipange tabaka juu ya tabaka kuanzia sakafuni, ncha zote mbili zibaki nje mbele. Ncha ikiachwa ndani itaangukia kooni. Toa baada ya saa 24 hadi 48.

Damu ikiendelea kushuka kooni nyuma ya gozi, chukua katheta ya Foley, mrija wa mkojo wenye puto, namba 12 au 14, ipitishe sakafuni mpaka uione ncha nyuma ya kaakaa, jaza puto mililita 5 za maji ya sindano, vuta mbele mpaka likwame, ongeza kidogokidogo bila kuzidi mililita 10, kisha ziba mbele kwa gozi. Bana katheta kwa klipu ya kitovu, na chini ya klipu weka gozi nene. Klipu ikigusa ukingo wa tundu la pua usiku kucha, asubuhi utakuta ngozi na gegedu vimekufa, kovu usoni ambalo mgonjwa ataishi nalo. Mgonjwa huyu analazwa, na oksijeni yake inapimwa.

Jipu la pembeni mwa tonsili utalitambua kabla ya kutazama: mgonjwa anadondosha mate, hafungui kinywa vizuri, sauti imejaa mdomoni. Kilimi kimesukumwa upande wa pili. Kabla ya kuchoma sindano, kata kifuniko chake cha plastiki ili sentimita 1 tu ya sindano ibaki nje, kwa sababu mshipa mkuu wa karotidi uko karibu sentimita 2.5 nyuma na nje ya tonsili. Choma katikati ya mstari kati ya shina la kilimi na gego la juu la mwisho, sindano ielekee nyuma moja kwa moja, kamwe isielekee nje.

Ukiwa thieta kwenye upasuaji wa tonsili, omba kazi moja: kuhesabu gozi na kutazama nyuma ya kaakaa kabla mrija wa kupumulia haujatolewa. Bonge la damu lililosahaulika pale linaweza kudondoka kwenye njia ya hewa mgonjwa anapoamshwa na kumuua. Halafu fuata mgonjwa mpaka wodini. Mtoto anayemeza mara kwa mara akiwa usingizini baada ya upasuaji wa tonsili anavuja damu, hata kama mto ni mweupe. Mtoto wa kilo 15 ana damu takriban lita 1.1 mwilini mwote. Mapigo ya moyo yakipanda usisubiri shinikizo la damu lishuke. Uvujaji wa mapema hutokea ndani ya saa 24, na wa pili, unaotokana zaidi na maambukizi, kati ya siku ya 5 na ya 10, mtoto akiwa nyumbani. Mama ajue tarehe hizo kabla ya kuruhusiwa.

Sasa mbuzi. Zoezi la kufungua njia ya hewa shingoni halipaswi kufanywa kwa mara ya kwanza juu ya mtu anayekufa. Nenda machinjioni au kwa mchinjaji mapema, nunua vilivyokaguliwa. Mbuzi aliyechinjwa kwa taratibu za Kiislamu hukatwa chini ya kongomeo, kwa hiyo kongomeo hubaki na kichwa, na bomba la hewa hubaki na mapafu. Nunua vyote viwili. Kongomeo ni la kujifunzia njia ya dharura ya kupita kati ya gegedu ya thairoidi na ya krikoidi. Bomba ni la kujifunzia trakeostomi, yaani kutoboa bomba la hewa na kuweka mrija wa kupumulia. Vaa glavu, fanyia kazi mbali na jikoni, na mabaki yatupwe pamoja na taka za hospitali.

Libane bomba juu ya ubao. Juu yake laza kipande cha maini kama daraja linalounganisha pande mbili za tezi ya thairoidi, juu ya maini weka vipande viwili vya nyama vikutane katikati kama misuli ya shingo, kisha sponji nyembamba, kisha kipande cha ngozi ya mbuzi, na vyote uvibane kwa pini. Kata ngozi mlalo sentimita 3 hadi 4. Kwa binadamu alama ni katikati ya krikoidi na kishimo cha juu ya kidari, na mto chini ya mabega, isipokuwa shingo ikiwa imeumia. Baada ya ngozi, kazi yote ni wima katika mstari wa kati. Kila baada ya hatua ingiza kidole, papasa pete za bomba. Msaidizi akivuta upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine, bomba linahama, nawe unachimba kando yake kuelekea mishipa mikubwa. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na kidole ndicho kinga yake.

Sogeza maini au yakate katikati. Hesabu pete, fungua kati ya ya 2 na ya 4. Ukikata ya 1 unaikaribia krikoidi na kovu litabana njia ya hewa baadaye. Kwa mtoto, mkato uwe wima bila kuondoa kipande cha gegedu, na uzi upite kila upande wa mkato, ubandikwe kifuani ukiwa umeandikwa kulia na kushoto. Thieta, mwambie mtoa usingizi kabla hujafungua, na usitumie kisu cha umeme kufungua bomba, kwa sababu oksijeni iliyo ndani inaweza kuwaka. Ingiza mrija na kiongozi chake, kijiti kinachokaa ndani yake, toa kiongozi mara moja, jaza puto, hakikisha pande zote mbili za kifua zinapanda. Funga tepe shingo ikiwa imeinama mbele kidogo, nafasi ya kidole 1. Jeraha usilishone likabana, hewa itajipenyeza chini ya ngozi mpaka usoni.

Rudia mpaka uweze kupapasa pete ukiwa umefumba macho. Kisha nenda wodini ukajifunze nusu ya pili, inayookoa watu wengi kuliko kisu: unyevu, kufyonza kwa sekunde zisizozidi 15, katheta ya kufyonzea isiyozidi nusu ya upana wa mrija, puto lenye shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji, mrija wa ndani uoshwe. Kando ya kitanda uwepo mrija wa ukubwa uleule na mwingine mdogo wake. Mrija ukitoka kabla ya siku ya 5, njia haijajitengeneza, na kuusukuma kwa kubahatisha kunaweza kuupeleka chini ya ngozi mbele ya bomba. Mpe oksijeni usoni na shingoni, ita msaada, na kwa mtoto vuta zile nyuzi mbili, mlango utafunguka.

Anayetaka kuendelea na fani hii ana njia ya shahada ya uzamili chuoni, au ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha, ambacho hutoa ufelo (shahada ya ubingwa) wa fani hii. Huko ataanza kuchimba mfupa wa mastoidi, ule unaoupapasa nyuma ya sikio, kwanza kwenye mfupa wa maiti au wa plastiki. Ushauri wangu kwa mfupa wa kwanza: usikimbilie kuitafuta antiramu, chumba cha hewa ndani ya mfupa huo, kilicho takriban milimita 15 ndani kwa mtu mzima. Tumia biti kubwa (kichwa cha mashine ya kuchimbia), kwa kuwa biti ndogo huchimba shimo jembamba lenye giza na kutoboa usichokiona. Chimba kwa ubavu wa biti, si kwa ncha, mwendo uende sambamba na kitu unachokitafuta, kingo za juu ziwe pana kama bakuli kabla ya kushuka. Maji yatiririke muda wote. Mfupa ukikosa maji hupata moto, na neva ya uso inaweza kuungua ndani ya mfereji wake hata kabla biti haijaigusa.